Mikono Mfukoni: Wasifu wa Bibi Sijui

“Tangu nianze kazi hii sijamfundisha mtoto yeyote kitu chochote, na sioni sababu ya kuanza leo.”

Maneno hayo marehemu aliyatamka mwaka 1998 kwenye mkutano wa wazazi, mbele ya ukumbi uliojaa, akiwa mwalimu mwenye cheti na mshahara, bila hata tone la haya. Baadhi ya wazazi walicheka. Wengine walianza kutafuta mikoba yao. Mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye ndiye mwenyekiti hadi leo kwa kuwa kiti kile kina gundi, na ambaye tunaye hapa na tunamkaribisha, alitabasamu kama mtu aliyeokota ushahidi barabarani. Familia imetaka maneno hayo yasomwe kwanza, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kuyafuta.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa nne kati ya sita na msichana pekee. Baba yake alikuwa fundi bomba, mama yake fundi cherehani. Akiwa na miaka mitano aliingiza mkono ndani ya bomba lenye kona ili ajue kona ile inaelekea wapi, na mkono ukagoma kutoka. Majirani walikusanyika, kila mmoja na ushauri wake, na ushauri wa wengi ulikuwa fimbo. Baba yake alichukua msumeno, akachuchumaa, na kabla ya kukata akauliza:

“Haya mama, umekuta nini huko?”

“Giza, baba.”

“Linaishia wapi?”

“Sijafika.”

“Mchape huyo!” jirani mmoja alifoka. “Kesho ataingiza kichwa!”

“Akiingiza kichwa tutajua mengi zaidi,” alisema baba yake, akaanza kukata taratibu.

Alisoma shule ya msingi ya watoto wa wafanyakazi wa reli kuanzia 1959 hadi 1966, kisha sekondari ya wasichana hadi 1970. Mwalimu wake wa darasa la tatu aliandika kwenye ripoti kwamba “anauliza mno.” Adhabu ya kuuliza mno ilikuwa kusimama nyuma ya darasa ukitazama ukuta. Huko ukutani akagundua njia ya mchwa, akauliza kuhusu mchwa, akaongezewa adhabu. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1972, wa pili katika darasa lake. Wa kwanza alipewa ofisi wizarani, na tangu hapo hajasikika.

Alianza kazi Januari 1973. Mwaka 1981 alihamishiwa darasa la awali la shule iliyo upande wa pili wa mtaa wa viwanda, na huko ndiko alikokaa mpaka mwisho. Nyuma ya darasa lake kulikuwa na stoo ya madawati mabovu. Aliomba ufunguo, akawaza siku nzima, akayatoa madawati. Aliingiza benchi mbili za useremala, nyundo, misumeno, bisibisi, karai la maji, redio zilizokufa, saa zilizogoma na rundo la mabaki ya mbao. Mlangoni akaandika kwa rangi nyekundu: MTU MZIMA, MIKONO MFUKONI. Maana yake ilikuwa hiyohiyo. Mzazi, mkaguzi, hata mwalimu mkuu, aliruhusiwa kuingia na kutazama, lakini akinyoosha mkono kumsaidia mtoto aliyekwama, nje. Mkaguzi mmoja alikuja na suruali isiyo na mifuko. Alipewa ndoo mbili azishike mpaka ukaguzi uishe.

Jina la Sijui alipewa na wazazi kwa kejeli, naye akalivaa kama kanzu ya sikukuu. Mtoto akiuliza, “Mwalimu, kwa nini gogo kubwa linaelea na msumari mdogo unazama?” jibu lilikuwa moja: “Sijui. Karai hilo hapo.” Mtoto angerudi ameloa mpaka kwapani, na maswali matatu mapya. Vidole viligongwa, familia haifichi. Lakini kidole kilichogongwa asubuhi kilikuwa kimejifunza kukaa mbali na nyundo kabla ya mchana, na hakuna hotuba ya mtu mzima iliyowahi kufanya kazi kwa kasi hiyo.

Kulikuwa na msichana aliyekuja shuleni na kujificha chini ya benchi. Hasemi, hali, hatoki. Walimu wengine walimbembeleza, wakamtisha, wakamwita mama yake. Marehemu alisukuma redio mbovu na bisibisi chini ya benchi kwa mguu, kisha akaendelea na mambo yake kama vile hajaona mtu. Redio ya kwanza ikaisha kufunguliwa, akasukuma ya pili. Siku moja sauti ikatoka huko chini: “Hii bisibisi kubwa. Naomba ndogo.” Lilikuwa neno lake la kwanza shuleni. Leo msichana huyo ni mtu mzima, anaendesha kreni bandarini, na wanaofanya kazi naye wanasema kreni ina honi lakini kwa sauti yake haihitajiki.

Mwaka 1983 mwalimu mkuu wa wakati huo alichoka na kelele, akamwita seremala aje kung’oa benchi. Seremala alikuta watoto wamezizunguka. “Hiyo randa inakula nini?” “Mbona mbao inatoa nywele?” “Naweza kushika?” Jioni alirudi kwa mwalimu mkuu mikono mitupu. “Bosi,” alisema, “uliniambia nihamishe benchi, hukuniambia nihamishe watu.” Kesho yake alirudi bila kuitwa, akiwa na nyundo ndogo alizozikatia mpini wa kufaa kiganja cha mtoto. Walifunga ndoa tarehe 7 Aprili 1984, wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume. Seremala huyo alitangulia mwaka 2009, na tunamzika mkewe ubavuni pake.

Binti yao, ambaye ni muuguzi, alilelewa na Sijui saa ishirini na nne. Mpaka darasa la sita aliamini kwa dhati kwamba mama yake ni mjinga. Kila akileta hesabu ya sehemu nyumbani, alipewa chungwa na kisu. Shangazi zake walimhurumia, wakamfundisha kwa siri jikoni, na akapata majibu yote sawa bila kujua ni kwa nini. Alipoulizwa sababu ubaoni, alirudia majibu yaleyale. Siku hiyo alirudi nyumbani, akachukua kisu na chungwa mwenyewe, akala hesabu yote.

Hapo ndipo tunarudi kwenye ule mkutano wa 1998. Baba mmoja, karani wa benki, alisimama.

“Mwanangu ana miaka mitano,” alisema. “Hajui kuandika jina lake! Lakini jana kafungua kitasa cha choo mimi nikiwa ndani!”

“Alikirudisha?” aliuliza marehemu.

“Alikirudisha, ndiyo, lakini…”

“Kinafunga?”

“Kinafunga vizuri kuliko zamani, lakini hiyo siyo hoja!”

Mwenyekiti akasema kwamba wazazi wanalipa ada ili watoto wafundishwe. Ndipo marehemu alipotamka majigambo yake, kisha akaongeza: “Wao wanajifunza. Kazi yangu ni kuwazuia ninyi msiwasaidie.” Kura ikapigwa. Chumba kifungwe, kiwe darasa la mazoezi ya mitihani kwa watoto wa miaka mitano. Marehemu alishindwa vibaya. Jumatatu akafungua chumba kama kawaida, akaketi kwenye kigoda mlangoni.

“Mwalimu, tulipiga kura,” alisema mwenyekiti.

“Mlipiga, mwenyekiti. Na mimi nimefungua.”

Ili kukifunga, ilibidi mtu awatoe watoto ndani mmoja mmoja, wakiwa na nyundo mikononi, na hakuna mjumbe wa kamati aliyejitolea. Chumba kikabaki. Alistaafu mwaka 2012 kwenye karatasi tu. Kesho yake alikuwa kwenye kigoda chake. Nywele zikawa nyeupe, na Mwalimu Sijui akawa Bibi Sijui.

Mwezi Septemba 2021 alipata kiharusi kilicholemaza upande wa kulia. Binti yake alimhamishia kwake, na kwa kuwa ni muuguzi, alijua kumlisha, kumwogesha na kumvisha haraka. Asubuhi ya kwanza alimshika blauzi amfunge vifungo.

“Mikono,” alisema marehemu, ulimi ukiwa mzito.

“Mama, nitachelewa kazini.”

“Mfukoni.”

Binti akatia mikono kwenye mifuko ya sare yake. Akamtazama mama yake akikitafuta kifungo kwa mkono wa kushoto, akikikosa, akikipata, kikimponyoka. Chai ikapoa. Kwa miaka yote ya uuguzi, alisema baadaye, hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya kitu. Kifungo cha mwisho kilipoingia, kilikuwa kimeingia tundu la jirani yake. Marehemu alikitazama, akacheka upande mmoja wa uso, akaanza upya. Kabla ya mwaka kuisha alirudi kwenye chumba chake cha shule kwa mkongojo, akajifunza kupiga msumari kwa mkono wa kushoto pamoja na watoto wa miaka minne, na walimshinda.

Kiharusi cha pili kilimkuta asubuhi ya Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, nyumbani kwa binti yake. Hakuteseka.

Jumanne, tarehe 4, mwenyekiti alitia kufuli kwenye mlango wa chumba, akasema ni kwa heshima ya msiba. Jumatano lori lilishusha madawati thelathini uani. Msiba gani unaletewa madawati, familia haijui. Alhamisi asubuhi mlango ulikutwa umeegeshwa ukutani, bawaba na pete za kufuli zimefunguliwa, skrubu zote zimepangwa kwenye kifuniko cha ndoo, na darasa la awali lote liko ndani likipiga misumari. Mwenyekiti alifika anahema.

“Nani amevunja kufuli langu?”

Msichana wa miaka sita alimtazama kwa huruma. “Kufuli lako hatujaligusa, babu. Liko palepale.”

Na kweli lilikuwa palepale, limefungwa barabara, likilinda mlango ambao haukuwa umefungwa popote. Madawati bado yako uani. Watoto wameshaanza kuyakagua.

Marehemu ameacha binti mmoja, mwana mmoja, mkwe, wajukuu watano, kaka yake mdogo, na watoto arobaini na mmoja wa darasa la awali, ambao leo wamesimama upande wa kushoto wa kaburi na hawatakiwi kunyamazishwa na mtu yeyote. Chumba kitafunguliwa Jumatatu saa mbili.

Mungu ampe pumziko la amani, mahali penye vitu vya kufungua.

Kwa yeyote anayefikiria kufuli lingine: lile la mwenyekiti, la shaba, saizi ya kati, dukani ni elfu kumi na mbili.