Kocha Aliyesimama: Cyrus Mutwiri, 1968–2025

Cyrus Mutwiri alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Chogoria, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, akiwa mtoto wa tatu wa Mama Bernardine, ambaye anatufuata kwa simu sasa hivi. Mama anasimulia kwamba asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito hata mkunga akaipita nyumba bila kuiona, na alipoipata mtoto alikuwa ameshafika, ametulia, anatazama dari. Anasema hakulia. Alikuwa anasubiri watu wamalize kuhangaika.

Ninayesoma ni Kendi, binti wa Dinah, mke wa marehemu. Baba yangu mzazi alikuwa Kocha Maurice, ambaye wengi wenu mlimjua. Nitamtaja sana leo, maana hakuna aliyewahi kuzungumza kuhusu Cyrus dakika tano bila kumtaja Maurice, na sioni kwa nini tuanze leo.

Marehemu alisoma shule ya msingi papo hapo Chogoria, kisha akajiunga na Shule ya Upili ya Wavulana ya Chuka, alikomaliza mwaka 1987. Huko ndiko alikokutana na Maurice. Maurice alikuwa nahodha wa timu ya shule, sauti yake ikisikika hadi jikoni. Cyrus alikuwa beki wa kushoto asiyesema neno. Baadaye alisomea uuguzi Nairobi, akahitimu mwaka 1992.

Januari 2004 alifika Minnesota. Maurice alimpokea uwanja wa ndege akiwa na koti la ziada mkononi, na Cyrus alilivaa koti hilo mpaka zipu ikakataa. Alifanya kazi ya uuguzi katika makao ya wazee huko Inver Grove Heights kwa miaka ishirini. Jioni alivuka mto kuja Saint Paul, kwenye chuo kidogo ambako Maurice alikuwa kocha mkuu wa timu ya mpira wa miguu na yeye msaidizi wake. Oktoba 2012, katikati ya msimu, Maurice alifariki ghafla. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Msimu uliofuata chuo kilimpa Cyrus timu.

Hapo ndipo alipopata jina la Kocha wa Sasa. Hakuna aliyemwita kocha tu. Kanisani, kwenye chai baada ya ibada, walilinganishwa kila Jumapili kana kwamba wote wawili wamesimama pale na vikombe vyao. Maurice alifoka, Cyrus alimsogelea mchezaji na kumnong'oneza. Maurice wakifungwa alinuna hadi Jumatano, Cyrus alimimina chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa kubwa, akawapa hata wapinzani. Cyrus alishinda mechi nyingi kuliko Maurice, na jambo hilo halikumsaidia hata kidogo. Griffins, rafiki yao wa zamani, ndiye aliyefunga mjadala kila mara: "Cyrus tunam-appreciate sana. Lakini Maurice alikuwa Maurice."

Na kulikuwa na kiti. Maurice alikuwa na kiti cha kukunja cha kitambaa cha bluu, chenye mfuko wa kikombe kwenye mkono wa kiti, ambacho hakuna mwingine aliyekikalia. Cyrus alikibeba kwenye gari lake kila mechi, akakikunjua pembeni mwa uwanja, akasimama kando yake dakika zote tisini. Mchezaji mgeni akiweka begi juu yake, Cyrus aliliondoa polepole na kuliweka chini. Mvua ilikinyeshea, theluji ya kwanza ilikifunika, naye alikuwa amesimama pale na koti lake, mvuke wa chai ukipanda usoni. Nikifumba macho ndivyo ninavyomwona hadi leo, na sijui kama ni siku moja au siku zote.

Tarehe 18 Juni 2016 alifunga ndoa na mama yangu. Nyumbani kwetu Blaine pia hakukalia kiti cha baba. Alikaa kwenye sofa, upande wa mlango, kama mgeni aliyekuja kuaga. Mdogo wangu Ian aliuliza kwa Kiingereza kwa nini Uncle Cyrus hakai kule. Mama akasema tumuulize mwenyewe. Niliuliza mimi. Akajibu, "Timu nilipewa na chuo, Kendi. Kiti ni cha kwenu."

Hakuwahi kutuomba tumwite baba. Alitupeleka shule, alinifundisha ku-drive kwenye barafu, alisimama nyuma kabisa kwenye mahafali yangu. Nilijua anachosubiri. Kila nilipotaka kumpa, nilisikia sauti ya Maurice kutoka upande ule mwingine wa uwanja, nikanyamaza.

Februari 2024 madaktari waligundua kwamba moyo wake umechoka. Miguu ilivimba. Aliacha kazi, timu hakuiacha. Daktari alimkataza kusimama muda mrefu, mama akamsihi, Mugisha, msaidizi wake, akaleta kiti kingine, cha plastiki. Alishukuru, akakiwekea chupa ya chai.

Jumamosi tarehe 25 Oktoba mwaka huu nilimpeleka kwenye mechi kwa gari, pamoja na mama. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni, taa zikawashwa mchana, na wachezaji walitokea na kupotea kama watu wa kwenye ndoto. Nilimwona kutoka jukwaani ameshika mgongo wa kiti cha bluu kwa mikono miwili. Nilishuka.

"Baba, keti," nikasema.

Aligeuka. "Umesema nini?"

"Nimesema keti, Baba. Ni chako."

Aliketi. Aliangalia ule weupe kidogo, kisha mtu huyu ambaye hakuwahi kupaza sauti katika maisha yake akamfokea beki wa kushoto kwa sauti iliyosimamisha mchezo. Benchi zima liligeuka. Mugisha alimwaga chai. Mimi nilicheka huku nalia, na mama jukwaani vilevile. Tulifungwa mbili bila. Njiani kurudi alisinzia, akitabasamu, na sikuwasha redio.

Alifariki Alhamisi tarehe 6 Novemba, alfajiri, hospitalini Saint Paul, mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama yake mzazi, Bernardine. Mke wake, Dinah. Na watoto wake wawili, Kendi na Ian. Kamati ya mazishi iliandika "watoto wa kambo." Mimi na Ian tulifuta. Ameacha pia vijana wa timu yake, ambao wamesimama kule nyuma na jezi juu ya makoti.

Kiti mnakiona, kiko hapa mbele. Nimekileta kwa sababu jana chuo kilimpa Mugisha timu, na kuanzia Jumapili atalinganishwa kwenye chai. Ataambiwa Cyrus alikuwa Cyrus. Avumilie. Lakini sitaki naye asubiri miaka kumi na miwili. Mugisha, njoo mbele, kaka. Keti.

Nawe, Baba, pumzika kwa amani. Umesimama vya kutosha.