Bi Taimingi na Bomba la Uani

Tarehe 30 Juni, Bi Taimingi anatimiza miaka thelathini na mmoja katika karakana ya mtambo wetu wa maji, na siku hiyo hiyo anastaafu. Jina lake rasmi lipo, lakini mara ya mwisho mgeni alipolitaja pale getini, mlinzi alimwambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba mtu huyo hayupo hapa, labda ajaribu posta.

Alianza kwa kuosha nozeli, vile vidude vya kunyunyizia mafuta ndani ya injini. Mimi ninayetunza stoo ndiye niliyemkabidhi spana yake ya kwanza, na tangu siku hiyo hajanirudishia. Baadaye alipanda hadi kuwa fundi mkuu, na kazi iliyompa jina ni kubadilisha pampu ya dizeli na kuweka taimingi. Kwa ndugu zangu wa ofisini msioshika grisi: pampu hiyo ndiyo inayopeleka mafuta kwenye kila silinda, na mafuta lazima yafike kwa wakati wake, ndiyo taimingi yenyewe. Yakiwahi, injini inagonga. Yakichelewa, inatoa moshi mweupe na kukosa nguvu. Injini yetu kubwa ndiyo inayosukuma maji ya mji, kwa hiyo ikilala, mji mzima unabeba ndoo.

Bi Taimingi alikuwa na desturi moja tu. Akishaanza kazi ya pampu, hanawi mikono mpaka injini imridhishe. Chai aliinywa akiwa ameshika kikombe kwa kipande cha gazeti. Bomba la kunawia pale uani linapata maji yanayosukumwa na injini hiyo hiyo, kwa hiyo hata angetaka kuharakisha asingeweza. Hakuna aliyemuuliza kazi imefika wapi. Meneja alichungulia dirishani, akimwona bombani alirudi kuketi. Mumewe, fundi cherehani mwenye subira kuliko sisi sote, akileta chakula cha mchana alimuuliza mlinzi kama mkewe ameshanawa. Akiambiwa bado, aligeuza na bakuli lake.

Wengi mnakumbuka mwaka tuliotembelewa na wakubwa. Bi Taimingi alikuwa ameweka alama za rangi nyeupe kwenye pampu na kwenye ubavu wa injini, ili pampu irudi palepale ilipotoka. Mama wa usafi, kwa bidii yake, akaipiga injini mafuta ya taa hadi ikang'aa, na alama zote zikaenda na tambara. Tulidhani kutawaka moto. Bi Taimingi alivuta pumzi, akaenda kwenye gurudumu la injini, akaanza kuitafuta taimingi upya, taratibu. Tangu hapo aliweka alama kwa tindo. Naye mama wa usafi hadi leo akikuta tone la rangi sakafuni anauliza kwanza.

Sasa niseme na upande wa pili, maana yeye mwenyewe ameniruhusu. Bi Taimingi alikuwa mchoyo wa kazi ile. Fundi mwenzake tunayemwita Ngazi, kwa urefu wake, amemshikia taa na kumpa spana miaka mingi, lakini pampu yenyewe hakuachiwa. Matokeo yake, uongozi ulipoona mwaka wa kustaafu unakaribia, ulimwomba Bi Taimingi aongeze miaka miwili. Magoti yake yalikuwa yameshachoka na wajukuu wanamsubiri, lakini alianza kulegeza msimamo. Angewaachaje watu bila maji?

Mwezi uliopita pampu ikachakaa, mpya ikaletwa. Bi Taimingi alimpa Ngazi spana, akaketi juu ya sanduku la vifaa na kuipa injini mgongo. Alisema ikishindikana atabaki kazini.

Ngazi aliizungusha injini polepole hadi pistoni ya kwanza ikafika juu na alama za gurudumu zikakutana. Akatoa pampu ya zamani, akaingiza mpya, gia kwa gia, akatoa hewa kwenye mirija ya mafuta. Injini ikawaka, na ikagonga vibaya. Sote tukautazama mgongo wa Bi Taimingi. Haukugeuka. Ngazi, jasho likimtiririka, akazima, akalegeza nati, akaisogeza pampu upana wa ukucha, akakaza. Ikagonga tena, ila kidogo. Akarudia. Safari hii sauti ilitulia, ikawa ile ile tuliyoizoea.

Bi Taimingi alisikiliza kitambo. Kisha akainuka, akavuka ua hadi bombani, akafungua maji na kunawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Siku hiyo mikono yake haikuwa imeshika chochote ila spana aliyompa Ngazi na kikombe cha chai. Ngazi alifuta macho akasingizia moshi, na moshi haukuwepo.

Mama yetu, tunakushukuru kwa kila tone lililofika kwenye nyumba za watu, na kwa kumwachia Ngazi. Kaa na wajukuu, upumzishe magoti, na mumeo asirudi tena na bakuli. Heri na afya njema viwe nawe siku zote. Ile spana nimekusamehe. Ukitukumbuka, njoo unawe: maji yanatoka.