Eino Salmijärvi na Nahodha Aliyemtoa kwa Hasara

Ndugu, majirani, na nyinyi mashabiki wa timu ya Vigogo mliokuja licha ya theluji hii: tumekutana leo Jumamosi, tarehe 18 Novemba 2023, kumsindikiza Eino Johannes Salmijärvi. Mimi ni Irja, binti yake wa kwanza. Familia imeniomba nieleze maisha yake kama yalivyokuwa, pamoja na lile jambo ambalo mji huu umelibishania kwa karibu miaka arobaini.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 katika mji wa Port Arthur, kabla haujaunganishwa na jirani yake na kuitwa Thunder Bay. Alikuwa mtoto wa tatu wa Heikki Salmijärvi, mkata magogo aliyetoka Ufini, na mkewe Lempi, aliyewapikia wakata magogo katika nyumba ya kupanga ya Mtaa wa Bay. Bibi Lempi alipenda kusimulia kwamba Eino alijifunza kutembea katikati ya mabuti ya wanaume waliorudi kutoka kazini na njaa, ndiyo maana ukubwani hakumwogopa mtu yeyote aliyemjia mbio.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani na kumaliza sekondari mwaka 1956. Hakuwa hodari wa darasani. Mwalimu wake wa hesabu alimlalamikia Babu Heikki kwamba kijana anatazama dirishani tu. Babu akaenda shuleni kujionea, akaketi kwenye dawati la mwanawe, akakuta dirisha lile linaelekea uwanja wa barafu. Akarudi nyumbani akamwambia Bibi, "Mtoto hana kosa. Hata mimi nilichelewa kuondoka."

Alikuwa golikipa wa hoki ya barafuni katika timu ndogondogo za kaskazini hadi goti lilipomkatalia mwaka 1964. Akaajiriwa kwenye maghala ya ngano bandarini, na siku za mapumziko akawa mtafuta vipaji. Alizunguka vijiji vyote vya Ziwa Superior akiwatazama vijana wakicheza. Mabao hakuyajali sana, alitazama miguu. Alikuwa akisema, "Bao linaweza kuwa bahati. Mguu haudanganyi." Mwaka 1976 Vigogo, timu yetu ya kulipwa, walimfanya meneja mkuu, mtu wa kuamua nani aje, nani abaki na nani abadilishwe na nani.

Alifunga ndoa na Saima Niskanen tarehe 15 Juni 1963 katika kanisa hilihili. Walijaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Taisto. Mama yuko hapa mbele yenu, na ameniambia nisimfanye Baba malaika.

Sasa nifike kwenye Januari 1984. Kwa ruhusa ya familia ya Beauchamp, leo tunaeleza lilivyokuwa.

Mnamkumbuka Lorne Beauchamp, nahodha wetu, beki ambaye picha yake ilibandikwa kwa kila kinyozi. Asubuhi moja baada ya mazoezi aliingia ofisini kwa marehemu bila kuvua viatu vya barafuni, akakanyaga zulia na vyuma vyake mpaka likachanika.

"Bosi, nitoe," alisema.

"Nikutoe uende wapi? Umelewa?"

"Popote karibu na Toronto. Figo za Noreen zimekufa. Wanamsafisha damu hospitali kule, na mama yake yuko naye peke yake."

Noreen alikuwa na miaka minne. Sisi wote tulidhani mama yake amempeleka kuishi na bibi yake.

"Kwa nini hukusema? Chukua likizo."

"Likizo ya mwezi au ya miaka? Nikiacha kucheza tutakula nini? Na nikisema ukweli, nani atanichukua? Watasema kichwa changu hakipo uwanjani. Nitoe, Eino, na usimwambie mtu. Mke wangu hataki mtoto wake awe habari ya gazeti."

Marehemu alipiga simu Hamilton, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka hospitali ile. Meneja wa timu ya huko, Clifford Stroud, alikuwa mtu wa kunusa, na akanusa.

"Una haraka, Eino. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nataka damu changa."

"Damu changa ninayo. Nitakupa Gauvreau. Huyo tu, sina mwingine wa kukupa."

Normand Gauvreau alikuwa winga wa miaka ishirini kutoka Rouyn, huko Quebec, asiyejua Kiingereza. Marehemu alikuwa ameshamtazama mara kadhaa. Miguu aliiona ni mizuri, lakini alijua kijana hajaiva. Alihitaji miaka miwili zaidi chini ya mwalimu mvumilivu, mbali na kelele. Alijua hivyo, akamchukua. Hati zilisainiwa Alhamisi tarehe 19 Januari 1984.

Yaliyofuata mnayajua, maana wengi wenu mlishiriki. Redioni mtangazaji alisema, "Hamilton wamekula nyama, sisi tumeachiwa mfupa!" Watu wakapiga simu siku nzima kueleza nani kafaidika na nani kapunjwa, na hakukuwa na ubishi. Muuza samaki wa sokoni alimwonyesha marehemu kisamaki cha ukubwa wa kidole akamuuliza mbele ya wateja, "Eino, nikupe hiki unipe gari lako? Si ndizo biashara zako hizo!" Marehemu alicheka, akanunua samaki, akaondoka. Taisto alirudi kutoka shuleni mdomo umevimba, akauliza mezani, "Baba, kwani ni kweli ulikuwa umelewa?" Akajibiwa, "Kula viazi vyako."

Mama peke yake ndiye aliyeambiwa. Jumamosi moja wanawake walikuwa wamejaa kwenye sauna ya jumuiya, wakaanza kumsema mumewe kana kwamba yeye Mama hayupo. Mama alichota maji akamwagia mawe ya moto, akachota tena, akamwaga tena, mvuke ukawazidi, wakatoka mbio mmoja mmoja na taulo zao mpaka akabaki yeye tu. Anasema hajawahi kuoga vizuri kama siku ile.

Mwaka uliofuata Hamilton walitwaa kombe, Lorne akalibeba juu, na uongozi wa Vigogo ukamfukuza kazi marehemu. Alirudi kwenye maghala ya ngano na kufanya kazi huko hadi alipostaafu mwaka 2000. Mwaka 1986 Lorne aliacha mchezo ghafla. Magazeti yakasema ni mgongo. Haukuwa mgongo, alimpa Noreen figo yake moja. Mtangazaji yuleyule akafungua tena mjadala redioni: labda sasa tuseme tumetoka sare? Marehemu alizima redio, akatoka kwenda kupasua kuni ambazo zilikwisha pasuliwa.

Watu walidhani anaumia kwa sababu ya jina lake. Si hivyo. Kwa Lorne hakuwahi kujuta hata siku moja. Alijuta kwa Normand Gauvreau.

Kila kijana yule alipogusa kile kisahani kinachochezwa badala ya mpira, uwanja mzima ulipaza sauti, "Turudishie Lorne! Turudishie Lorne!" Mwanzoni alidhani ni wimbo wa kumshangilia, akainua gongo lake kuwapungia. Mchezaji mwenzake ndiye aliyemtafsiria. Baada ya hapo miguu ile mizuri ikaanza kusitasita. Alikuwa akitapika kabla ya mechi. Msimu wa 1985 ulipokwisha, Vigogo walimwachia, akarudi Rouyn kufanya kazi mgodini, na hakuvaa tena viatu vya barafuni. Marehemu alimsindikiza mpaka stendi ya basi. Alimbebea begi. Alikuwa na nafasi ya kumwambia, na hakumwambia.

Mwezi Julai 2011, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, alinijia akaniomba nimwendeshe mpaka Rouyn. Alikuwa amewaomba Lorne na mkewe ruhusa ya kumweleza mtu mmoja tu. Njia nzima alikuwa ameipakata mikate ya iliki aliyooka Mama.

Normand alikuwa mtu wa miaka arobaini na saba, mwenye mvi na mabega mapana. Mkewe alitukaribisha pai ya nyama. Marehemu hakugusa chakula. Alisema yote palepale, bila kujitetea. Normand alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mtoto alipona?"

"Alipona. Ana watoto wake wawili sasa."

"Basi vizuri." Akaisogeza sahani yake. "Lakini mzee, ungeninong'oneza tu. Kwani ningemwambia nani? Hata Kiingereza chenyewe nilikuwa sikijui!"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa ukijua, utacheza vibaya."

Normand alicheka, cheko kubwa la ghafla mpaka mkewe akageuka kutoka jikoni. "Kwani nilicheza vizuri?" Halafu cheko likakatika. "Nilikuwa naingia kwenye barafu nikijua mji mzima unaniona mimi ndiye hasara yenyewe. Nikaamini. Miaka mingi nimeamini hivyo, hata nilipoposa nilimwambia huyu mama, angalia vizuri, mimi ni mtu wa hasara. Ningejua kwamba niko pale ili mtoto awe na baba yake, wangenizomea mpaka sauti ziwakauke, na mimi ningetembea kifua mbele."

Marehemu alisema, "Nisamehe."

Normand hakusema ndiyo wala hapana. Alitusindikiza hadi kwenye gari, mikono mifukoni, akatuonyesha njia fupi ya kutokea barabara kuu. Tulipofika mbali marehemu aliniambia nisimamishe gari, akashuka, akasimama kando ya barabara akiwa amenipa mgongo. Sikumfuata.

Lorne alifariki mwaka 2017, na kabla ya kufa alimweleza Noreen kila kitu. Noreen alikuja Thunder Bay moja kwa moja kutoka mazishini. Alimshika marehemu mikono yote miwili akasema, "Mzee Eino, naenda gazetini. Watu hawa lazima wajue."

"Usiende, binti yangu."

"Kwa nini? Wamekutukana maisha yote!"

"Kwa sababu wakijua, watasema kumbe nilishinda. Wataanza kunipongeza mitaani. Na Normand atakaa wapi katika hesabu hiyo? Atabaki chenji tu."

Noreen alilia, akatii. Tangu mwaka huo alimpigia simu kila Jumapili.

Vumbi la ngano alilolivuta kwa miaka mingi lilimharibu mapafu. Kuanzia masika ya 2022 alitembea na mtungi wa hewa, na Septemba mwaka huu alilazwa hospitali. Wauguzi walimpenda kwa sababu hakulalamika, ingawa walichoka kuambiwa ni yupi kati yao mwenye miguu ya kuchezea winga. Wiki ya mwisho nilimuuliza kama tunaweza kusema ukweli siku ya maziko. "Muulize Normand," alisema. "Akikataa, nizikeni na matusi yangu, nimeyazoea." Alifariki Jumanne tarehe 14 Novemba 2023 asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono, na Taisto alikuwa ametoka kidogo kutafuta kahawa.

Siku hiyohiyo nilimpigia simu Bwana Gauvreau. Alinipa pole, akamuulizia Mama. Nikamweleza ombi letu. Nilisikia anavuta kiti, anakaa.

"Semeni," alisema. "Ila semeni na hili pia. Niliwafungia Vigogo mabao kumi na moja. Mlikuwa mnapiga kelele, hamkuyaona."

Nilimkaribisha aje leo. Alisema hawezi, na sikumuuliza sababu. Kwa hiyo naomba, kabla hatujaendelea, mlisikie hapa ndani ya kanisa hili, nyinyi mliokuwepo uwanjani miaka ile: Normand Gauvreau alifunga mabao kumi na moja.

Marehemu ameacha mjane, Saima. Watoto wawili, Irja na Taisto. Mkwe mmoja, Glenda. Wajukuu watatu, Aila, Kerttu na Desmond. Na dada yake Impi, aliyeko Sault Ste. Marie na ambaye afya haikumruhusu kusafiri. Ameacha pia Noreen Beauchamp, ambaye amekaa nasi kwenye benchi la familia kwa sababu Mama alimwita akae hapo.

Kahawa na mikate ya iliki viko chini ukumbini baada ya maziko. Atakayetaka kubishana nani alifaidika na nani alipunjwa, Mama anaomba akabishanie nje.

Pumzika, Baba. Mungu akupe amani uliyoitafuta mpaka Rouyn na kurudi.