Siku Kumi na Moja za Ansbert Ishengoma

Marehemu Ansbert Ishengoma alizaliwa tarehe 3 Februari 1946, Kanyigo, Bukoba, mtoto wa nne wa katekista Alfonsi. Alisoma hapohapo hadi darasa la nane. Siku moja alichapwa kwa kuvipanga upya vitabu vya mwalimu bila ruhusa. Mwalimu alichapa, lakini vitabu akaviacha vilevile vilivyopangwa.

Mwaka 1974 alifunga ndoa na Demetria, wakapanga Tandika, Temeke, mlango kwa mlango na Mwajabu, muuza vitumbua. Leo Mwajabu yumo humu msibani.

Shirika la umma alilolitumikia lilipofungwa mwaka 1992, Ansbert aliajiriwa na kampuni binafsi ya kusambaza dawa. Ilikuwa na matawi matatu, kila moja na madaftari yake na namna yake ya kuandika. Yeye alikusanya yote, yaani mauzo, dawa zilizorudishwa na malalamiko ya zahanati, akayapanga kwa mtindo mmoja ndani ya kompyuta moja. Ya zamani hakuyafuta. Wenzake walimtania kwamba anafuga makaratasi. “Kila tawi likilia peke yake,” aliwajibu, “nani atajua kwamba msiba ni mmoja?”

Mei 1995 ghala lake hilo la taarifa lilimwonyesha msiba wenyewe. Kila tawi lilikuwa na malalamiko machache tu kuhusu dawa ya maji ya homa ya watoto. Yalipojumlishwa yalifika thelathini na nane, yote ya shehena moja. Mkurugenzi akamwambia, “Ngoja kwanza shehena iishe, tusiwatishe watu.”

Ansbert alingoja siku kumi na moja. Siku ya nane, Nusaiba, binti wa Mwajabu, alikunywa dawa ile na hakupona. Ansbert alilibeba jeneza pamoja na majirani, akatoa pole, akanyamaza. Siku ya kumi na mbili alipeleka karatasi zake kwa wakaguzi wa dawa wa serikali. Dawa ikaondolewa madukani, naye akafukuzwa kazi. Mwaka uliofuata akahamia Tegeta.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Figo zake ziliposhindwa kufanya kazi, alimwambia mkewe, “Mama Stanley, mie nimeshindwa kumwambia Mwajabu kwamba nilijua. Mkiniandika, msiniandike mtu mwema tu.”

“Utamuua Mwajabu mara ya pili,” Demetria alisema.

“Miaka mitatu anajilaumu kwamba alichelewa kumpeleka mtoto hospitali. Kosa si lake. Mwambieni.”

Alifariki nyumbani Tegeta, asubuhi ya tarehe 14 Septemba 1998. Kesho yake Demetria alikwenda Tandika, akamsomea Mwajabu maneno haya yote kabla ya mtu mwingine kuyasikia. Mwajabu alilia sana. Kisha akasema, “Yasomeni mbele ya watu. Nami nitakuja.”

Ansbert ameacha mjane, Demetria, na watoto wawili, Stanley na Kokuberwa. Mwajabu aliomba jina moja liongezwe hapa, nasi tumeliongeza: Nusaiba binti Jabiri, aliyetangulia akiwa na miaka minne. Kuhusu msamaha, alisema tusimharakishe.

Nusaiba apumzike kwa amani. Na siku Mwajabu atakapojaliwa kusamehe, Ansbert naye apumzike.