Sisi Waprotestanti wa Lindelheim

Benchi la mbele ya duka la mikate la Lindelheim lina wenyewe, na ukikalia nafasi ya mtu utaambiwa. Kuna Profesa, ambaye maisha yake yote alikuwa tarishi, ila alisoma kila kamusi aliyopelekea watu. Kuna Kizibo, mkulima wa zabibu aliyetoka ng'ambo ya mto Rhine kuja kuoa. Na kuna Mgiriki, Mjerumani halisi, aliyefanya kazi miaka ishirini kiwandani na Wagiriki. Ijumaa hiyo Trudel, mshika funguo wa kanisa, aliwajia na chupa ya kahawa na barua. Baraza la usharika lilitaka kulifunga kanisa kwa kukosa watu, ila likasema waumini wanane walioandikishwa wakitia sahihi kabla ya saa sita mchana, litasubiri. Trudel alikuwa na majina matano, la kwake likiwemo. Matatu yalikuwa yamekaa hapa, yakinywa kahawa yake.

— Weka sahihi, Kizibo.

— Ngoja kwanza, dada. Umeandika “Sisi Waprotestanti”. Kwetu ng'ambo tunasema watu wa Injili. Mprotestanti ni mtu mgomvi.

— Upande huu wa mto ndivyo tunavyoitwa, hata kibao cha kanisa kinasema hivyo. Weka sahihi.

— Mgomvi nani? akadakia Profesa. Neno ni la Kilatini, lina shahidi ndani yake. Mwaka 1529, hapo mjini Speyer, wakuu sita na miji kumi na minne walisema mbele ya watu: hili hatulikubali, na andikeni kwamba tumesema. Kuprotesti ni kutoa ushahidi!

— Hata Wagiriki, akasema Mgiriki. Stavros wa zamu ya usiku aliniita diamartiromenos. Jina refu kama treni la mizigo, na shahidi yumo. Tena yule shahidi wa kuuawa! Kwa hiyo Mprotestanti kamili ni marehemu.

— Kumbe wewe bado mwanafunzi, akasema Kizibo.

— Na Wachina wanatuita dini mpya, akaongeza Profesa. Miaka mia tano, bado wapya!

— Nyote mmepotea, akasema Kizibo. Tukigonganisha bilauri tunasemaje? Prost! Wale wakuu walikuwa wanakunywa divai yetu, wakagoma kuondoka, wakaitwa Waprosti. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Methali hiyo inaingiaje hapa? akauliza Profesa.

— Inaingia kwenye kahawa. Nimiminie.

Trudel akamiminia. Ilikuwa saa nne na nusu. Ndani ya kanisa lile alibatizwa, na humo alimuaga mumewe.

— Jamani, tubishane kesho. Leo majina!

Hapo akatokea Danuta, Mpolandi anayemtunza bibi wa nyumba ya kona, na mikate kwapani. Akasoma barua, akatabasamu.

— Mimi nilipofika Ujerumani, ofisini waliniuliza dini hata kabla sijakaa. Nikasema Mkatoliki, na tangu siku ile kila mwezi wananikata kodi ya kanisa. Na nyie wanawakata?

Mgiriki akatazama viatu vyake. Kizibo akapuliza kahawa iliyokwisha poa. Profesa, mwenye jibu la kila kitu, akakohoa.

Trudel akaelewa: asiyekatwa kodi ni yule aliyekwenda ofisini kujitoa kanisani. Ikamuuma, ikamuuma kweli. Watu hawa aliwapigia kengele siku za harusi zao.

— Ulijitoa lini, Profesa?

— Mwaka ule nilionunua gari. Ni karatasi tu, Trudel. Moyoni mimi bado...

— Kizibo?

— Mwaka wa baridi kali, zabibu ziliungua kwa barafu.

Mgiriki hakuulizwa.

— Miaka yote hii mnalilinda neno ambalo mlikwisha kulirudisha ofisini!

Trudel akageuza chupa, kahawa yote ikamwagika kwenye mawe.

— Kahawa imekwisha. Mchungaji yuko nyumbani. Kurudi kanisani ni maongezi na sahihi, nami nitakaa mlangoni mpaka amalize na wa tatu. Inukeni.

— Sasa hivi? akauliza Kizibo.

— Saa sita haikungojei uvune.

Mgiriki akasimama. Kizibo akaitazama kahawa inayotiririka, akaguna, akasimama. Profesa akabaki, mikono kwenye magoti.

— Mimi nawaunga mkono kimawazo.

— Mawazo hayahesabiwi. Nane, Profesa. Nina saba.

— Na hiyo kodi... itaanza kukatwa lini?

— Mwezi ujao, akasema Trudel, akimshika mkono wa koti na kumvuta. Simama.