Mlingoti Hana Mpira

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu mwenyekiti wa klabu pamoja na wajumbe wa kamati, kocha wetu, nahodha na wachezaji wa zamani na wa sasa, mama mzazi wa mwenzetu, uliyekaa hapo mbele, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana, habari za jioni.

Mimi ni mtangazaji wa redio. Kazi yangu nimeifanya miaka mingi nikiwa nimefungiwa kwenye kibanda cha mbao juu ya uwanja wetu, na mtu akinichoka huzima redio akaendelea na shughuli zake. Leo milango imefungwa na chakula hakijaletwa, kwa hiyo hamna pa kwenda. Nitajitahidi nisiwaonee.

Tumekuja kumuaga mchezaji anayestaafu, ambaye wazazi wake walimpa jina zuri, kisha mimi nikalifuta kwa kumwita Mlingoti. Nilimpa jina hilo siku ya kwanza alipoingia uwanjani akiinamisha kichwa ili asigonge kizingiti cha mlango. Nikasema redioni, "Ndugu wasikilizaji, tumeletewa mlingoti." Asubuhi yake watoto walikuwa wanamwita hivyo barabarani. Kaka, jina hilo hukuniomba na mimi sikukuomba ruhusa. Leo nakushukuru mbele ya mashahidi kwa kutonishtaki.

Wengi mnakumbuka alivyokuja. Alikuwa amecheza nje, ameonekana kwenye televisheni, na klabu ilimpa mshahara ambao haukuwahi kusikika katika mchezo huu wa mpira wa kikapu. Sitautaja, maana mke wangu yumo humu ukumbini na sitaki aanze kunilinganisha. Itoshe kusema kwamba wenzake walikuwa wakitoka kazini ndipo waje mazoezini. Mmoja alikuwa fundi wa majokofu. Mwingine, ambaye sote tunamwita Mwalimu, alikuwa akifundisha hesabu shule ya msingi, na mara nyingi alifika na vumbi la chaki kwenye nywele. Yeye Mlingoti alikuja na gari ambalo halikuenea kwenye maegesho yetu.

Msimu wake wa kwanza alifunga vikapu mpaka nikapoteza sauti. Akipata mpira, anarusha. Akizungukwa na watatu, anarusha. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi, wakapiga makofi, wakarudi nyumbani wakiwa na furaha tele, na timu ikafungwa. Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Mimi nyumbani nilisifiwa kwa utangazaji motomoto, na klabu yangu ilikuwa mkiani. Je, ndugu zangu, mmewahi kuona msiba wenye nderemo kama ule?

Ndipo kocha alipomwita chumba cha kubadilishia nguo. Sasa, kile kibanda changu na chumba kile kilicho chini yake vinatenganishwa na sakafu ya mbao nyembamba, na mimi siwezi kuondoa masikio yangu nikayaweka mfukoni. Nilimsikia kocha, ambaye mnamwona alivyo, kimo chake hakimfikii Mlingoti kiunoni, akimwambia kwa sauti ya upole.

"Kaka, Jumamosi utaanzia benchi."

Mlingoti akasema, "Kocha, mimi nalipwa kufunga."

"Wewe unalipwa tushinde."

"Sasa nikiingia nifanye nini?"

"Umkabe mchezaji wao bora. Na Mwalimu akitaka kurusha, usimame katikati yake na yule anayemkaba, umzibie njia, ili Mwalimu apate nafasi. Wewe ni mpana na mrefu. Watakugonga. Vumilia."

"Nigongwe ili Mwalimu afunge?"

"Ndiyo, kaka. Umeelewa upesi."

Nilimsikia akitoka. Hakubamiza mlango, na hilo nalisema kwa heshima, maana mlango wenyewe bawaba zake zilikuwa zimelegea na klabu isingekuwa na hela ya kuutengeneza. Hela zote zilikuwa kwake.

Msidhani alibadilika siku moja. Jumamosi ile alikaa benchi amejifunika taulo kichwani kama mtu aliyenyeshewa. Alipoingizwa, alikwenda kumzibia njia adui, akasimama mahali sipo, na Mwalimu mwenyewe akamvaa mzima mzima akaanguka chali. Ukumbi ulicheka. Mtu mmoja kule nyuma akapaza sauti, "Huo mlingoti ni wa kuanikia nguo." Mheshimiwa mgeni rasmi, mtu aliyezoea kushangiliwa akisikia maneno kama hayo, unadhani usiku analala?

Lakini Jumatatu alikuja mazoezini mapema. Baada ya mazoezi wote walipoondoka, yeye na Mwalimu walibaki. Nyayo hapa, bega hapa, simama, geuka, toka. Mwalimu akimfundisha kama anavyowafundisha watoto wake hesabu, bila kumkaripia na bila kumhurumia. Taratibu timu ikaanza kushinda. Vikapu vya Mlingoti vikapungua sana. Na mimi, ambaye macho yangu yalizoea kufuata mpira, nikawa namtaja mara moja moja tu, kama mtu anayemsalimia jirani.

Hapo ndipo mtu mmoja ambaye sisi sote tulikuwa hatumfikirii alipogundua, kwa masikio tu, kwamba jina hilo limepungua redioni.

Siku moja nilikuwa kwenye kipindi cha kupokea simu za wasikilizaji. Simu ikaita, nikasikia cherehani ikinguruma, halafu ikanyamaza.

"Mtangazaji, mimi ni mama yake Mlingoti."

Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akaniuliza, hewani, nchi nzima ikisikia, "Mwanangu anaumwa?"

"Hapana mama, ni mzima kabisa."

"Basi amefukuzwa, mnanificha."

"Hajafukuzwa, mama. Jana alicheza."

"Alicheza? Mimi nilisikiliza mwanzo mpaka mwisho nikishona sare za shule. Zamani ulikuwa unamtaja mpaka sindano inanichoma kidole. Jana umemtaja lini? Nikimpigia ananiambia niko salama mama, usijali. Sasa nakuuliza wewe unayemwona. Anafanya nini huko uwanjani?"

"Anacheza, mama."

"Najua anacheza. Anafanya nini?"

Ndugu zangu, mimi nimejaliwa maneno. Hata mama mkwe wangu amekiri hilo, ingawa hakulisema kama sifa. Lakini siku ile nilitafuta kitufe cha muziki. Nikasema, "Mama, tupate wimbo kwanza." Nikaweka wimbo.

Kesho yake Mlingoti akanifuata kantini ya kituo cha redio. Nilidhani amekuja kunigombeza. Akavuta kiti, magoti yakagonga meza, chai yangu ikamwagika nusu.

"Kaka," akasema, "mama anadhani nimekwisha. Sikumwambia kitu kwa sababu ningemwambia nini? Kwamba wananilipa hela zote hizi nikasimame? Kuna klabu imenitafuta. Wameniahidi kila mpira utapitia kwangu. Jumatatu natia saini."

Sikumsihi abaki. Nilikuwa na deni la jibu kwa mama yake, basi nikamuuliza swali lile lile nililoulizwa mimi. "Hivi kaka, wewe unafanya nini uwanjani? Nieleze kama unavyomweleza mtu aliyeko nyumbani."

Akafuta chai iliyomwagika. Kisha akachukua kopo la sukari akaliweka katikati ya meza. "Huyu ni mimi." Kikombe changu kikawa Mwalimu, kikombe kingine kilichokuwa mezani kikawa adui. Akaanza. Alinionyesha jinsi anavyosubiri adui ageuze macho. Jinsi anavyokaza miguu bila kusogea, maana akisogea mwamuzi anapuliza filimbi. Jinsi anavyolipokea bega la mtu kifuani na wakati huohuo anamsikiliza Mwalimu nyuma yake, akijua kwa mlio wa viatu kama amekwisha kuwa huru. Aliongea huku akikimbiza vikombe meza nzima. Mhudumu alikuja kuchukua vyombo, akasimama na sinia lake, naye akasikiliza. Chai ikapoa. Na uso wa mtu huyu, ambao kwa miezi ulikuwa umekunjamana, ulikuwa umefunguka.

Alipomaliza, mhudumu akamuuliza, "Sasa akishakuwa huru, wewe unafurahi?"

Mlingoti alikuwa bado ameshika kopo la sukari. "Nafurahi," akasema, kama mtu anayesikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. "Nafurahi sana. Sijawahi kumwambia mtu."

Mechi iliyofuata niliwaomba radhi wasikilizaji, nikawaambia leo nitauacha mpira kidogo. Nikatangaza hivi: "Mlingoti hana mpira. Mlingoti amesimama. Jitu linamjia, linamgonga kifuani, Mlingoti hatikisiki, na nyuma yake Mwalimu yuko peke yake, anarusha, kikapu. Mwalimu amefunga, ndugu wasikilizaji, lakini mlango kafungua Mlingoti." Nikaendelea hivyo mpaka mwisho. Mkubwa wangu wa kazi alidhani nimelewa. Lakini nilipotoka kibandani simu iliita, na cherehani safari hii ilikuwa kimya kabisa.

"Mtangazaji," akasema mama, "leo nimemwona." Akakata simu.

Jumatatu ilifika na ikapita. Wale wa klabu ile nyingine walimsubiri hotelini mpaka wakaagiza chakula cha mchana, wakala, wakaondoka. Yeye alikuwa uwanjani na Mwalimu. Wachezaji vijana mliomo humu, nataka msikie vizuri. Mshahara wake haukupunguzwa hata senti. Angeweza kuupokea huku amenuna, na kisheria hakuna ambaye angemgusa. Alichagua kupigwa viwiko kila wiki kwa ajili ya mtu aliyelipwa sehemu ndogo sana ya alicholipwa yeye, na akawa anarudi nyumbani anapiga mluzi.

Nimalizie na fainali, maana naona wahudumu wameanza kuchungulia.

Siku ile mama alikuja uwanjani kwa mara ya kwanza, akiwa na redio yake ndogo ameibana sikioni. Aliyekaa karibu naye alimuuliza kwa nini anasikiliza redio wakati mchezo uko mbele yake. Akajibu kwamba bila yule mtu wa kibandani haelewi kitu.

Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, saa inakwisha. Mpira ukamfikia Mlingoti chini ya kikapu. Wakamvamia wawili. Ukumbi mzima ukapiga kelele arushe. Akampa Mwalimu, aliyekuwa pembeni peke yake. Mwalimu akarusha, mpira ukagonga chuma ukarudi. Mlingoti akaruka juu ya vichwa vya wote, akaunyaka. Wakamvamia tena. Sasa hata mimi niliinuka kwenye kiti. Nani asingerusha mwenyewe? Akampa Mwalimu tena, palepale. Mwalimu akarusha. Ukaingia, na king'ora kikalia.

Baadaye nilimuuliza kwa nini alimpa mara ya pili. Akasema, "Alikuwa peke yake."

"Lakini alikuwa ametoka kukosa."

"Alikosa, ndiyo. Lakini bado alikuwa peke yake."

Nami siku ile sikutangaza kikapu kile. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, redio ilikaa kimya, nimeshika kipaza sauti, machozi yananitoka. Nilishuka kibandani nikiwa na aibu, nikamwendea mama kumwomba radhi kwamba nimemnyima kikapu alichokitengeneza mwanawe.

Akanishika mkono. "Usiombe radhi, baba," akaniambia. "Uliponyamaza, nililazimika kutazama mwenyewe."

Mama, ahsante kwa kutuuliza swali. Kocha, ahsante kwa kutomwogopa mtu mrefu. Mwalimu, ahsante kwa kurusha mara ya pili. Na wewe kaka yangu, nenda kapumzishe hicho kifua. Kimegongwa vya kutosha kwa ajili yetu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu wageni waalikwa, nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio.