Mbuzi ya Mzee Umuro na Chakula ya Kamati

Miaka ishirini na sita Mzee Umuro Roba amefanya kazi kwa msitu yetu ya mto, hapa chini ya mji wa Kinna. Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, anarudisha viatu na kofia ya kazi. Viatu zimeisha. Kofia bado haijapauka na jua, kwa sababu alikuwa anaikalia tu.

Alianza kama mlinzi wa geti, akapanda mpaka akawa kiongozi wa kutembeza wageni. Yeye ndiye alitufundisha: ukitaka kuona mnyama, kaa chini, nyamaza, kunywa chai.

Lakini siku yenye watu hupenda kusikia ni ile ya kamati kutoka Isiolo, 2016. Walikuja kuangalia kama hii msitu iko na faida. Wakikosa chui, inafungwa, na sisi wote turudi kuchunga. Mwenyekiti alikuwa Madam Akai, mama hana mchezo. Asubuhi tukaona tumbili, mamba, na mavi ya ndovu. Saa sita akachoka.

"Mzee, tumbili hata kwetu iko. Chui iko wapi?"

"Tukule kwanza, mama."

Sasa, Mzee hakuli nyama kama hajui nani amechinja. Kwa hivyo mbuzi yake hupanda gari ikiwa hai, inachinjwa huko huko. Aliifunga kwa mti karibu na maji, akaenda kunoa kisu. Alinoa kisu hiyo mpaka tukashangaa. Mbuzi nayo inalia tu.

Ekidor, dereva wetu, akasema polepole, "Ingieni gari."

Chui ilishuka kama mtu ameitwa. Ikabeba chakula ya kamati, ikaenda nayo. Kamati yote ilikuwa kwa kiti moja ya gari, na Madam Akai juu yao, anapiga picha.

Walirudi Isiolo na njaa, wanacheka. Msitu haikufungwa.

Kamba ilibaki kwa mti, haijakatika. Ekidor akauliza, "Mzee, umefunga mbuzi tangu utoto. Hii imefunguka aje?"

"Nimezeeka, kijana."

Tangu hiyo siku, hakuna mbuzi yake ingine imefunguka.

Mzee Umuro, asante kwa kazi yako, na kwa hii yetu yenye tuko nayo mpaka leo. Mungu akupe afya, mvua, na wajukuu wa kusumbua. Mbuzi ya kukuaga iko nyuma ya jikoni. Kuchinja ni wewe. Kufunga kamba tumepea Ekidor.